Giambattista Bodoni: Mchonga Herufi Aliyeichapa Sala ya Baba Yetu kwa Lugha 155

Mtu anayekwenda kuagiza kadi za harusi, za ubatizo au za kipaimara katika maduka ya uchapaji jijini Arusha huulizwa mapema sana anataka maandishi ya namna gani. Fundi humfungulia orodha ndefu katika kompyuta, na mara nyingi jicho huvutwa na herufi za aina moja: nzito, zilizoinama kidogo kuelekea kulia, zenye mistari minene iliyoshiba wino ikipishana na mistari myembamba kama uzi, na kila ncha ikimalizikia kwa kijiguu chembamba kilichonyooka. Katika orodha nyingi za namna hiyo, herufi hizo huitwa Bodoni.

Wapo wanaodhani kuwa hilo ni jina la kiwanda. Ni jina la mtu, Mkatoliki wa karne ya 18, aliyelelewa katika kiwanda cha uchapaji cha Idara ya Uenezaji wa Imani mjini Roma, akawatumikia watawala kwa miaka arobaini na mitano, na katika uzee wake akaichapa Sala ya Bwana kwa lugha 155. Maisha yake yanafaa kujulikana na kila anayeandaa maandishi kwa ajili ya ibada, kwa sababu yanagusa jambo ambalo parokia na vigango vyetu hukutana nalo kila juma: namna ya kuliheshimu neno linalowekwa mbele ya macho ya waamini.

Mtoto wa mpiga chapa

Giambattista Bodoni, ambaye jina lake la kwanza ni la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, alizaliwa Februari 1740 katika mji wa Saluzzo, jimbo la Piemonte, chini ya milima ya Alpi, kaskazini magharibi mwa nchi ambayo leo ni Italia. Babu yake alikuwa mpiga chapa, na baba yake, Francesco Agostino, alikuwa mpiga chapa vilevile. Mtoto huyo alikua akisikia mlio wa mashinikizo na kunusa wino, na kabla hajawa kijana kamili alikwisha kujua kupanga herufi na kuchonga picha katika mbao.

Mwaka 1758, akiwa na umri wa miaka 18, aliaga nyumbani akaelekea Roma pamoja na rafiki yake. Hawakuwa na fedha za kutosha. Bodoni alikuwa amebeba picha alizozichonga mwenyewe katika mbao, naye akaziuza kwa wapiga chapa wa miji waliyopitia ili wapate chakula na mahali pa kulala. Hivyo kazi ya mikono yake ndiyo iliyomfikisha katika mji wa Mitume.

Katika kiwanda cha Propaganda Fide

Huko Roma alipata kazi katika kiwanda cha uchapaji cha Propaganda Fide. Idara hiyo ilianzishwa na Papa Gregori XV mwaka 1622 ili kusimamia kazi ya kuipeleka Injili kwa mataifa, na mwaka 1626 ikapata kiwanda chake cha kuchapa katekisimu, vitabu vya ibada na vitabu vya sarufi kwa ajili ya wamisionari. Wakati viwanda vingi vya Ulaya vilitosheka na herufi za Kilatini na za Kigiriki, kiwanda hiki kilitakiwa kuwa na herufi za Kiarabu, za Kiebrania, za Kisiria, za Kiarmenia, za Kikopti na nyingine nyingi, kwa kuwa Kanisa lilitaka kuzungumza na kila taifa kwa lugha yake.

Idara hiyohiyo ndiyo iliyosimamia kazi ya wamisionari waliokuja Afrika ya Mashariki katika karne iliyofuata. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walioweka makao Bagamoyo mwaka 1868, wakapanda hadi Kilema katika miteremko ya Kilimanjaro, na ambao wenzao walifika baadaye Arusha, walikuwa matunda ya utume huo mmoja. Kwa hiyo kijana wa Saluzzo alikuwa akifanya kazi kwenye chemchemi ambayo maji yake yangetufikia na sisi.

Mkuu wa kiwanda, Abate Costantino Ruggieri, aliona bidii ya kijana huyo. Pamoja na Kardinali Giuseppe Spinelli, aliyekuwa Mwenyekiti wa Idara, alimtia moyo akasome lugha za Mashariki katika Chuo Kikuu cha La Sapienza. Kisha akampa kazi ambayo wengine wangeiona ya unyonge. Ghalani kulikuwa na mihuri ya chuma ya herufi za lugha za mbali, mingine ya tangu karne ya 16, ikiwa imechanganyika na kushika kutu. Bodoni aliisafisha mmoja baada ya mwingine, akaitenganisha na kuirudisha kila mmoja mahali pake. Kwa kazi hiyo alijifunza, kwa vidole na kwa macho, namna watu wa mataifa mengi wanavyoandika.

Baadaye alikabidhiwa kupanga herufi za kitabu cha ibada cha Kikopti na Kiarabu, kwa ajili ya Wakristo wa Misri katika bara letu la Afrika, na za kitabu cha alfabeti ya Kitibeti cha Padre Agostino Giorgi, kilichotoka mwaka 1762. Ruggieri alifurahishwa na kazi yake hata akamruhusu kuweka jina lake na la mji wake wa kuzaliwa katika kitabu, heshima isiyokuwa ya kawaida kwa mfanyakazi wa umri wake. Ni hapo pia Bodoni alipoanza kujaribu kuchonga mihuri yake mwenyewe.

Inafaa kueleza kazi hiyo ilivyokuwa. Mchongaji alichukua kipande cha chuma cha pua, akachonga katika ncha yake herufi moja, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana katika kioo. Chuma hicho kilipigwa juu ya kipande cha shaba, kikaacha shimo lenye umbo la herufi. Katika shimo hilo ilimiminwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na madini mengine, na hapo ikatoka herufi ya kuchapia. Kazi hiyo ilirudiwa kwa kila herufi, kubwa na ndogo, iliyosimama na ya mlazo, na kwa kila ukubwa. Aliyetaka kuunda jamii moja kamili ya herufi alihitaji mamia ya mihuri na subira ya mtawa.

Parma na watawala wake

Ruggieri alifariki katika mazingira ya kusikitisha, na mwaka 1766 Bodoni akaiacha Roma. Alikusudia kwenda Uingereza kwa John Baskerville, mpiga chapa aliyesifiwa wakati ule kote Ulaya. Alipita kwanza nyumbani Saluzzo kuwasalimu wazazi, na hapo akashikwa na homa kali iliyomlaza kwa muda mrefu. Safari ya Uingereza ikafa.

Ugonjwa huo ulimwelekeza njia nyingine. Ferdinando, Mtawala wa Parma, alitaka kiwanda cha uchapaji kitakachoipa nchi yake ndogo sifa, na mkuu wa maktaba yake, Padre Paolo Maria Paciaudi wa Shirika la Wateatini, akampendekeza kijana aliyejulikana tangu Roma. Februari 1768 Bodoni aliingia Parma akiwa na umri wa miaka 28. Hakuhama tena hadi kufa.

Mwanzoni alinunua herufi za Pierre-Simon Fournier wa Paris na kuziiga. Hakuona haya kujifunza kwa kuiga, lakini pia hakuridhika kubaki hapo. Ndugu yake Giuseppe alikuja kumsaidia katika kazi ya kuyeyusha madini, na polepole herufi zao wenyewe zikachukua nafasi ya zile za Ufaransa. Mwaka 1774, mtoto wa Mtawala alipobatizwa, Bodoni alichapa kitabu cha maandishi ya heshima kwa herufi za lugha ishirini za mbali. Mwaka uliofuata, kwa ajili ya harusi ya Mwanamfalme wa Piemonte na binti wa nyumba ya kifalme ya Ufaransa, alichapa kitabu cha pongezi kwa lugha 25. Ndiyo kusema kwamba baadhi ya kazi zilizomletea sifa kwanza zilikuwa za ubatizo na za harusi, sherehe zilezile ambazo hadi leo huwapeleka watu wa Arusha kwa mpiga chapa.

Sifa zake zilivuka mipaka. Carlos III, Mfalme wa Hispania, alimpa cheo cha mpiga chapa wa nyumba yake. Benjamin Franklin wa Marekani, ambaye naye alikuwa mpiga chapa kabla ya kuwa mwanasiasa, alimwandikia mwaka 1787 kumpongeza. Watu walitaka kumchukua aende Roma, na Mtawala wa Parma, akihofia kumpoteza, akamruhusu kuwa na kiwanda chake binafsi. Mwaka 1791, akiwa na umri wa miaka 51, alifunga ndoa na Margherita Dall'Aglio, binti wa Parma. Kutoka katika kiwanda hicho kipya vilitoka vitabu vya washairi wa kale wa Kirumi, kitabu cha Kumfuasa Kristo mwaka 1793, na Iliadi ya Homer kwa Kigiriki mwaka 1808.

Namna herufi zake zilivyoumbwa

Kabla ya wakati wake, herufi za vitabu zilikuwa bado zinakumbuka kalamu ya mkono. Mstari ulinenepa na kukonda taratibu, na mahali penye unene palikuwa pameinama kidogo, kama kalamu ya bapa inavyoinama mkononi mwa mwandishi. Kadiri miaka ilivyopita Bodoni aliiacha kalamu na kufuata vipimo vya bikari na rula. Katika herufi zake mstari wa wima ni mnene na umenyooka, mstari unaouunganisha na mwingine ni mwembamba mno, na badiliko kati ya unene na wembamba ni la ghafla. Vile vijiguu vya mwishoni, ambavyo mafundi huviita serifu, havikunenepeshwa palipo na kiungo, bali vimelala kama unyuzi juu ya mstari.

Matokeo yake ni ukurasa wenye mng'ao, ambamo weusi na weupe vinashindana. Kwa sababu hiyo Bodoni alipunguza mapambo, akaongeza pambizo pana, akaachanisha mistari, akachagua karatasi nyororo na kuuangalia wino kwa makini. Alijua kuwa mstari mwembamba kama nywele hauwezi kuonekana katika karatasi mbovu. Katika mafundisho yake juu ya ufundi huo alitaja sifa nne za herufi njema: ulinganifu, usafi wa mchongo, uchaguzi mzuri wa maumbo, na neema. Sifa tatu za kwanza hupatikana kwa jasho. Ya nne aliiona kuwa hutokea pale ambapo herufi zinaonekana kuandikwa kwa furaha, bila haraka na bila kulazimishwa.

Kila jamii ya herufi aliyoichonga ilikuwa na herufi zilizosimama na za mlazo, yaani italiki. Herufi za mlazo zilikuwa na historia yao. Ziliingia katika uchapaji mwaka 1501 huko Venezia, katika kiwanda cha Aldo Manuzio, zikiiga mwandiko wa haraka na wa kupendeza wa waandishi wa wakati ule, mwandiko ambao ulitumika pia katika ofisi za Papa. Mikononi mwa Bodoni mwandiko huo laini ulipata mifupa: ukabaki na mwendo wa mkono, lakini ukavaa unene na wembamba wa herufi zake nyingine.

Kuna jambo dogo ambalo msomaji wa Kiswahili atalifurahia. Kiitaliano kinaweza kuishi karibu bila herufi k, w na y. Kiswahili bila herufi hizo hakiwezi kusema hata kwaya, kanisa, wala wokovu. Lakini Bodoni hakuwa mchongaji wa Kiitaliano peke yake. Alichapa vitabu vya Kiingereza kwa ajili ya muuzaji wa vitabu wa London mwaka 1791, na lugha nyingine nyingi kabla na baada ya hapo, naye akazichonga herufi hizo kwa uangalifu uleule aliozichongea za lugha yake ya nyumbani. Ukarimu wake kwa lugha za wengine ulifungua mlango ambao Kiswahili kilikuja kupita.

Baba Yetu kwa lugha 155

Mwishoni mwa mwaka 1804 Papa Pio VII alikwenda Paris kwa ajili ya kutawazwa kwa Napoleon. Mapema mwaka 1805 alitembelea kiwanda cha uchapaji cha dola, na hapo akakabidhiwa kitabu cha Sala ya Bwana kwa lugha 150, kilichochapwa chini ya uongozi wa Jean-Joseph Marcel. Ilikuwa zawadi, lakini ilikuwa na uchungu ndani yake. Sehemu ya herufi zilizotumika zilikuwa mali ya Propaganda Fide, zilizochukuliwa Roma na majeshi ya Ufaransa miaka michache kabla. Baba Mtakatifu alipewa sala ya Kanisa iliyochapwa kwa herufi zilizoporwa kwa Kanisa.

Alipokuwa njiani kurudi, Papa alipita Parma, na Bodoni akapata kusikia habari za kitabu hicho na kutiwa moyo afanye kilicho bora zaidi. Mchongaji huyo alikuwa na miaka 65 na alisumbuliwa na jongo, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Hata hivyo alikubali. Mwaka 1806 kitabu kilikamilika: Baba Yetu kwa lugha 155, kimegawanywa kwa kufuata lugha za Asia, za Ulaya, za Afrika na za Amerika, na lugha nyingi zikiwa zimechapwa kwa herufi zake zenyewe.

Kazi hiyo ilionyesha kilichokuwa kimekua moyoni mwake tangu siku za ghala la Roma. Katika kitabu hicho lugha ya taifa kubwa na lugha ya kabila dogo zilipewa karatasi ya aina moja, wino wa aina moja, pambizo za upana mmoja. Hakuna sala iliyobanwa pembeni kwa sababu wasemaji wake ni wachache au ni maskini. Wakati huo Kiswahili kilikuwa kikiandikwa pwani kwa herufi za Kiarabu, na lugha za miteremko ya Meru zilikuwa bado za mdomo na sikio. Lakini kanuni iliyokitengeneza kitabu hicho ilizihusu nazo pia.

Lawama dhidi yake

Wasifu wa kweli hauwezi kuyafunika mapungufu. Bodoni alilaumiwa katika maisha yake kwa makosa ya herufi katika vitabu vyake. Mshindani wake wa Paris, Didot, aliyekuwa akiunda herufi za aina ileile, alikichunguza kitabu chake cha mshairi Virgil na kuonyesha makosa ambayo mhariri makini hangeyaacha. Wataalamu walisema kuwa vitabu vya Parma vilikuwa vya kutazamwa kuliko vya kusomwa.

Lawama ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Bodoni alipenda vitabu vikubwa, vya bei ya juu, vyenye kurasa za kuwapendeza wafalme, na alivichapa kwa nakala chache. Mtu wa kawaida wa Parma hangeweza kuvinunua. Iliadi yake aliitolea kwa Napoleon, naye Napoleon akampa pensheni. Aliyejifunza kazi yake kwa kuwatumikia wamisionari alitumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuwatumikia wakuu. Mwaka wa Baba Yetu unang'aa katika maisha yake kwa sababu hiyo pia: ni mwaka ambapo uzuri aliouhifadhi kwa ajili ya wachache ulirudi kwa watu wa lugha zote, ingawa hata kitabu hicho alikitolea kwa mtawala.

Margherita akamilisha kazi

Bodoni alifariki Parma mwishoni mwa Novemba 1813 na kuzikwa katika Kanisa Kuu la mji huo. Aliacha kitabu ambacho hakikumalizika, mkusanyo wa herufi zote alizozichonga katika maisha yake. Mjane wake Margherita angeweza kuuza mihuri na kuishi kwa fedha hizo. Badala yake, kwa msaada wa Luigi Orsi, msimamizi wa kiwanda, alifanya kazi kwa miaka mitano, na mwaka 1818 akatoa Manuale Tipografico katika juzuu mbili. Ndani yake mna aina zaidi ya 140 za herufi zilizosimama pamoja na za mlazo, mapambo, na herufi za Kigiriki, Kiebrania, Kirusi, Kiarabu, Kiarmenia, Kikopti, Kitibeti na nyingine. Wachapaji wanaokiheshimu kitabu hicho hadi leo wanamshukuru Bodoni, na wanapaswa kumshukuru Margherita pia.

Mihuri yake, zaidi ya 25,000, haikutawanyika. Imehifadhiwa Parma katika makumbusho yenye jina lake yaliyofunguliwa mwaka 1963, mwaka uleule ambao Arusha ilipata kuwa Jimbo, kabla ya kupandishwa hadhi kuwa Jimbo Kuu mwaka 1999.

Kutoka Parma hadi matangazo ya kigango

Zile herufi nzito sana za mlazo zinazoonekana leo hazikutoka moja kwa moja mkononi mwa Bodoni. Mapema katika karne ya 19, wachapaji wa London walitaka herufi za kubandikwa ukutani na kuonekana kutoka mbali, wakainenepesha mistari minene hadi ikawa kama nguzo. Karibu na mwaka 1910, Morris Fuller Benton wa Marekani aliziunda upya herufi za Bodoni kwa mashine za wakati wake, akaongeza nzito na nzito za mlazo, na mwaka 1928 akatoa nyingine nzito kupita kiasi. Kutoka hapo ziliingia katika magazeti, katika matangazo ya mavazi na manukato, na hatimaye katika kompyuta.

Kwa asili yake, herufi ya namna hiyo ni ya maneno machache. Inafaa kwa jina la bibi na bwana harusi, kwa kichwa cha kijitabu cha ibada ya mazishi, kwa jina la Somo wa parokia juu ya tangazo la sikukuu. Hapo uzito wake unatoa heshima na mlazo wake unatoa mwendo, kama sauti ya msomaji anayelitamka jina kwa taadhima.

Haifai kwa maneno mengi, na Kiswahili kinalionyesha jambo hilo waziwazi. Chukua neno ninaamini. Lina herufi tisa, na karibu zote zimejengwa kwa vijiti vya wima vilivyosimama bega kwa bega. Katika herufi nzito za Bodoni vijiti hivyo ni minene, na nyuzi zinazoviunganisha ni nyembamba. Kijitabu kikitolewa nakala kwa mashine iliyochoka, nyuzi hupotea na kubaki safu ya nguzo kama uzio wa zizi. Bibi mwenye macho hafifu katika kanisa la kigango huko mlimani, asubuhi ya ukungu na taa chache, hataona tena neno. Ataona uzio, na sala ya kusanyiko itaendelea bila yeye.

Kwa hiyo sala, masomo na nyimbo zipangwe kwa herufi tulivu zilizosimama, zenye mistari isiyopishana sana kwa unene, na kwa ukubwa wa kutosha. Herufi nzito zitumike kuonyesha majibu ya waamini, nazo za mlazo, mahali ambapo hakuna wino mwekundu, zionyeshe maelekezo ya ibada. Mapambo ya Bodoni yabaki juu ya mlango, na ndani ya nyumba mwanga uenee.

Lawama ya Didot nayo itusaidie. Uzuri wa herufi hauondoi wajibu wa kusahihisha. Familia iliyopata msiba ikipokea kijitabu ambamo jina la marehemu wao limekosewa, hata herufi za Parma haziwezi kuwafariji. Hati isomwe na mtu wa pili kabla ya kwenda kwa mpiga chapa, na jina lithibitishwe na ndugu wa karibu.

Tena kuna suala la lugha za nyumbani. Kuuzunguka Mlima Meru Wameru husema Kirwa, Waarusha husema Kimaa, na jijini wamo Wachaga, Wairaki na watu wa makabila mengine mengi. Sala au wimbo wa lugha hizo unapoingizwa katika kijitabu, mara nyingi huwekwa mwishoni kwa herufi ndogo, na pengine kompyuta ikikosa alama fulani huazima herufi ya jamii nyingine, neno likaonekana limetiwa kiraka. Bodoni, mgonjwa na mzee, alichonga herufi ili lugha isiyokuwa na sauti mbele ya wakuu isimame sawa na nyingine mbele ya Baba. Kupanga ukurasa vizuri kwa ajili ya mzee anayesali kwa Kirwa au kwa Kimaa ni kazi ndogo zaidi ya hiyo, na iko ndani ya uwezo wa kila katibu wa parokia.